Nani Amekaa Juu ya Mgodi? Vibonzo vya Karne ya 19 na Mtoto Mfanyakazi



Mwezi Mei 1842 Tume ya Ajira ya Watoto nchini Uingereza ilitoa taarifa yake kuhusu migodi ya makaa ya mawe. Taarifa za serikali zilizoeleka kuwa maandishi tu. Hii ilikuwa na picha, na picha ndizo zilizowafikia watu wasiowahi kufungua karatasi za Bunge. Mojawapo inamwonyesha mtoto akitambaa katika njia ya chini mno, mkanda umemzunguka kiuno, mnyororo umepita katikati ya miguu, nyuma yake toroli la makaa. Taarifa ilieleza pia habari za watoto wa miaka mitano au sita waliokaa gizani siku nzima, kazi yao ikiwa kufungua na kufunga mlango wa hewa kila toroli lilipopita.

Sheria ilipitishwa mwaka uleule. Wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 wakakatazwa kufanya kazi chini ya ardhi. Siidharau sheria hiyo hata kidogo, maana kuna watoto waliopona kwa ajili yake. Ila nawaomba mziangalie picha zile kwa swali moja: mwenye mgodi yuko wapi? Hayumo. Yupo mtoto, lipo toroli, upo mwamba. Mtazamaji anashikwa na huruma, lakini huruma yenyewe haina wa kumwuliza. Tena wasomaji wengi wa siku zile walishtushwa zaidi na picha ya mvulana na msichana wakipitishwa shimoni kwa kamba moja, miili yao ikiwa karibu uchi. Aibu ya uchi ikazungumzwa kwa sauti kubwa kuliko ujira.

Agosti 1843 jarida la Punch la London, ambalo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, lilichapisha kibonzo kuhusu mtaji na kazi. Mchoraji aliichukua habari ileile ya tume akaikata ardhi kwa kalamu. Juu, tajiri amejinyoosha kwenye matakia na watumishi wanamhudumia. Chini ya sakafu hiyohiyo, wazee, wanawake na watoto wamejikunja ndani ya mgodi wakichimba. Hakuna taarifa mpya hata moja ndani yake. Kilichoongezwa ni sakafu, pamoja na yule aliyekaa juu yake. Hapo ndipo mtazamaji alipolazimika kuona kwamba starehe ya juu na taabu ya chini ni hesabu moja, na kwamba mtoto yule hakuangukia shimoni kwa bahati mbaya.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya jioni hii. Kibonzo cha umaskini hakipati nguvu kwa kuonyesha machozi ya mtoto. Kinapata nguvu kinapomrudisha ndani ya picha yule anayekula jasho lake.

Majuma machache kabla ya hapo, Julai 1843, John Leech alikuwa amejaribu njia nyingine katika jarida hilohilo. Jumba la Bunge lilikuwa limeungua mwaka 1834, na serikali ilikuwa ikionyesha hadharani michoro ya kupamba kuta za jumba jipya. Leech akawachora maskini waliovaa matambara, watoto wakiwamo, wamesimama ndani ya ukumbi wa maonyesho wakikodolea macho picha za watu walioshiba. Walihitaji chakula, wakapewa sanaa. Nakipenda kibonzo hiki kwa sababu kinatuhukumu hata sisi tunaoishi kwa kuhifadhi na kufundisha michoro.

Lakini uwezo wa kuunganisha ni pia uwezo wa kutenganisha, na hapa sitaki kuwaficha upande mbaya wa historia hii. Mwaka 1830 Richard Oastler aliandika barua maarufu katika gazeti la Leeds Mercury, akiiita kazi ya watoto katika viwanda vya Yorkshire utumwa. Alikuwa na haki ya kukasirika. Baada yake wakaja wachoraji waliowaweka ubavu kwa ubavu mtoto wa kiwandani, amekonda na anachapwa, na mtumwa wa Karibiani, amenona na anacheka. Wenye mashamba ya miwa walifurahishwa sana na ulinganisho wa namna hiyo. Ulikuwa uongo juu ya Mwafrika, tena uongo wenye faida: mwaka 1833 Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa, lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana, na watumwa wenyewe hawakupata hata senti.

Tazameni jinsi mchoro huo ulivyopangwa. Wanyonge wawili wanashindanishwa, na mlaji ametoweka tena. Pamba iliyosokotwa na mtoto wa Manchester kwa sehemu kubwa ilitoka Marekani, ambako ilichumwa na watumwa, watoto wao wakiwamo. Uzi ulikuwa mmoja. Mchoraji angeweza kuufuata kutoka shambani hadi kiwandani, kisha hadi nyumbani kwa mwenye kiwanda. Akachora ukuta.

Punch nalo lilikuwa jepesi zaidi kumwona mlaji alipokuwa mgeni. Novemba 1906 Linley Sambourne alimchora Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo, akiwa nyoka wa mpira aliyejiviringisha mwilini mwa Mkongo, huku nyuma mwanamke akikimbia na mtoto wake. Ni kazi kali na ya haki. Lakini kampuni za Waingereza nazo zilikuwa na mashamba na migodi katika makoloni mengi, na nyoka wa namna hiyo mwenye taji la London hakuchorwa kwa wepesi huohuo.

Nimefika Kongo, na siwezi kuondoka bila kutaja Kolwezi, mji wa migodi ulio kusini mwa nchi hiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchini humo, nyingi ikitoka katika eneo hilo la kusini ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, watoto wameonekana wakiokota mawe, wakiyaosha na kuyabeba kwa magunia. Picha zao zimezunguka dunia, na nyingi zimerudi palepale pa mwaka 1842: mtoto, gunia, tope.

Kwa wanafunzi wetu wa sanaa, kazi iliyo mbele ni ngumu kuliko ya mwaka 1843. Mchoraji wa Punch alihitaji tabaka mbili na tajiri mmoja. Wa leo itambidi aanze na mto wa kuoshea mawe, apande hadi kwa mnunuzi na mizani yake, kisha lori, meli, kiwanda cha kusafishia madini huko China, kampuni ya betri, hadi simu na gari la umeme. Katika kila tabaka kuna mtu anayeweza kusema kwamba hakumwajiri mtoto yeyote. Mchoro utakaowaweka wote hao kwenye karatasi moja, kila mmoja akiwa na sura yake na fungu lake la faida, bado sijauona. Ninaanzisha somo la michoro katika idara yetu kuanzia muhula ujao, na zoezi la kwanza litakuwa hilo.