Tuichunguze Habari Kabla ya Kuieneza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Wazee wetu walizisubiri habari redioni saa mbili usiku. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, tulihofia zaidi picha zitakazowafikia watoto, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini leo nazungumzia jambo jingine: kila mmoja wetu, kwa simu iliyomo mfukoni mwa kanzu yake, amekuwa mtangazaji.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nililetewa ujumbe kwamba mwenye bucha mmoja mtaani kwetu anauza nyamafu. Ulianza kwa salamu, ukamalizika kwa kuahidi thawabu kwa atakayeusambaza. Nikausambaza kabla sijatoka msikitini! Bucha ikakosa wateja. Baadaye ikadhihirika kuwa aliyeuandika alikuwa na ugomvi wa deni na mtu yule.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari tunayoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Majuto hayo nimeyaonja.

Tazameni pia tukio la Ifk. Bibi Aisha (r.a.) alisingiziwa, na uvumi ukazunguka Madina kwa takriban mwezi mmoja. Walioueneza hawakuwa wanafiki peke yao. Alikuwamo Mistah, jamaa yake Sayyidna Abubakar (r.a.), mtu aliyepigana Badri. Hilo ndilo linalonitisha, kwani uongo ukipita katika ulimi wa mtu mwema husadikiwa upesi. Abu Ayyub Al-Ansari (r.a.), mkewe alipomtajia maneno yale, alimwuliza kama yeye angeweza kulitenda jambo hilo. Akajibu kuwa hawezi. Basi, akamwambia, Aisha ni bora kuliko wewe. Hakuhitaji chombo chochote cha kuchunguzia. Alianza kwa kuwadhania mema waumini wenzake.

Wala tusidhani kuwa mambo haya huishia buchani. Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwaka 1993, ikapendwa kwa muziki na mizaha yake. Mwaka 1994 ikawa inataja majina ya watu wa kuuawa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waasisi wake mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikambakishia kifungo cha miaka 30.

Nilimwendea mwenye bucha yule, nikamwomba radhi mbele ya watu. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Kisha akaniuliza: “Sheikh, na wale uliowapelekea?” Walikuwa watu 42. Nimewarudia wote kwa kuwataja mmoja mmoja. Lakini wao nao walikwisha kuwapelekea wengine, nami hao siwajui.

Wabillahi taufiq.