Bima ya Mkopo: Nani Alikukatia, na Karatasi Iko Wapi?



Leo nataka tuzungumzie mstari mmoja tu. Umo kwenye fomu ya mkopo, kati ya kiasi ulichoomba na kiasi kitakachoingia kwenye akaunti yako. Umeandikwa: bima. Wengi tumeupita bila kuuliza, kwa sababu siku ile shida ilikuwa imetubana, foleni ilikuwa ndefu, na afisa mikopo alikuwa ameshatuonyesha kwa kidole pa kusaini.

Tuufuate kwa hesabu ya mfano. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi pale Magoma amepanda gari mpaka Korogwe mjini, ameomba mkopo wa shilingi milioni 10, alipe kwa miaka 6. Fedha zikiingia anakuta zimepungua. Imetoka ada ya kuchakata mkopo, na imetoka bima, tuseme 250,000. Riba lakini inahesabiwa kwenye milioni 10 zote. Maana yake hata hiyo bima ameikopa, na atailipia riba kwa miezi 72.

Miaka 3 ikipita, mtoto amefaulu, mahitaji ya shule yanamkaba, anarudi benki kutopapu. Anapewa mkopo mpya, sehemu kubwa inakwenda kufuta deni la zamani, mkononi anabaki na kidogo. Na bima inakatwa upya, kwa mkopo mpya wote, pamoja na ile sehemu ambayo hakuishika kabisa. Bima ya kwanza alikuwa ameilipia miaka 6. Ameitumia mitatu. Mitatu iliyobaki, fedha yake iko wapi?

Sidai kwamba arudishiwe nusu kwa nusu. Deni hupungua mwezi hadi mwezi, na mzigo wa kampuni ya bima hupungua nalo, kwa hiyo miaka ya mwisho ina thamani ndogo kuliko ya mwanzo. Lakini thamani ipo. Mteja anayemaliza mkopo mapema, au anayeufuta kwa mkopo mwingine, ana haki ya kuuliza mkataba wake wa bima unasema nini kuhusu kurudishiwa, na kujibiwa kwa maandishi. Kinachonisikitisha ni kwamba wanaouliza ni wachache mno, na wasiouliza hawaambiwi.

Halafu kuna suala la bima yenyewe inakinga nini. Kwa kawaida bima ya mkopo hulipa deni mkopaji akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu wa kumzuia kufanya kazi. Baadhi huongeza kupoteza ajira. Basi. Haihusiki na mvua, haihusiki na bei ya kabichi ikianguka Kariakoo, haihusiki na karoti kuozea njiani kabla gari halijafika Mombo. Mkulima wa mkonge kule Magoma hupanda, akapalilia, akasubiri kama miaka 3 hivi kabla ya kukata jani la kwanza. Akiambiwa tu kwamba mkopo wake "una bima", ataamini kwamba msimu ukiharibika yuko salama. Hayuko salama. Na kama bima aliyokatiwa ina kipengele cha kupoteza ajira, ameuziwa kitu asichoweza kukitumia, maana hana mwajiri wa kumwachisha kazi.

Wenzetu wamepita njia hii. Afrika Kusini, mwaka 2015, msimamizi wa mikopo wa nchi hiyo aliifikisha kampuni ya samani ya Lewis mbele ya baraza la walaji, kwa sababu wastaafu walionunua vitu kwa mkopo walikatiwa bima ya kupoteza kazi. Wastaafu! Miaka 2 baadaye serikali ikaweka ukomo wa bei ya bima za mikopo, na sheria yao inamruhusu mkopaji kupeleka bima yake mwenyewe badala ya ile ya mkopeshaji.

Uingereza ndiko jambo hili lilikovimba kuliko kwingine kote. Kwa miaka mingi benki ziliwauzia watu mamilioni bima ya kulinda marejesho, wengine bila hata kujua kuwa wamenunua. Benki zilipobanwa zilikwenda mahakamani, zikashindwa mwaka 2011. Mpaka dirisha la madai lilipofungwa tarehe 29 Agosti 2019 na hesabu kukamilishwa, wateja walikuwa wamerudishiwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kati ya kesi zote za huko, ipo moja ninayotaka uisikilize kwa makini. Mwaka 2006 mama mmoja mjane, Susan Plevin, mwalimu wa chuo, alikopa pauni 34,000 alipe kwa miaka 10. Akauziwa bima ya pauni 5,780, ikapakiwa juu ya mkopo. Bima yenyewe ilikuwa ya miaka 5 tu. Kazini kwake tayari alikuwa na kinga ya ugonjwa na ya kifo, na hakuwa na mtu anayemtegemea. Sasa sikiliza mgawanyo. Katika zile pauni 5,780, zilizoifikia kampuni ya bima ni 1,630. Zilizobaki, karibu asilimia 72, zilikuwa kamisheni, nyingine ya dalali aliyemtafutia mkopo, nyingine ya mkopeshaji. Hakuna aliyemwambia. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kumficha mteja kamisheni kubwa kiasi kile kuliufanya uhusiano wake na mkopeshaji kuwa usio wa haki.

Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu hapa kwetu Tanzania benki nazo ni mawakala wa kampuni za bima. Tangu mwaka 2019 kuna mwongozo maalumu wa benki kuuza bima, na siupingi mpango huo, kwani umeifikisha bima kwa watu ambao kampuni za bima zisingewafuata. Lakini anayekukopesha ndiye huyo huyo anayekuuzia bima na kulipwa kamisheni kwa kukuuzia. Mteja anastahili kuelezwa hayo kabla ya kusaini: kampuni ipi, bei gani, kwa muda gani, inakinga nini, benki inapata ngapi. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinamtaka mtoa huduma kuwa wazi kuhusu gharama zake. Bima ni gharama.

Nikisema benki, msidhani nimewaacha wengine. Wapo wakopeshaji wadogo, wapo wale tunaowaita kausha damu, nao hukata fedha na kuiita bima. Mtu anayekukata bima akashindwa kukutajia kampuni ya bima iliyoipokea, mtilie shaka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ndiyo inayosajili kampuni na mawakala, kwa hiyo jina likitajwa linaweza kuulizwa.

Lakini maumivu makubwa yako msibani.

Mkopaji anafariki. Watu wanazika, wanamaliza matanga, wanarudi makwao. Baada ya muda simu inaanza kuita: deni la marehemu. Mjane anauza ng'ombe. Kaka mtu anachangia. Kama ulikuwa mkopo wa kikundi, akina mama wenzake marehemu wanachanga kila wiki ili kikundi kisifungiwe. Na muda wote huo kuna bima iliyolipiwa tangu siku ya kwanza, kwa fedha ya marehemu mwenyewe, kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Bima haijilipi. Lazima dai lipelekwe, na cheti cha kifo kiambatanishwe. Mjane hajui kama bima ipo, kwa sababu hakuwahi kuiona karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo, ila limebaki kabatini kwa mkopeshaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyefiwa na mkopaji, kabla hujauza chochote, nenda kwa mkopeshaji na cheti cha kifo, ukaombe kwa barua nakala ya mkataba wa mkopo na hati ya bima. Barua iwe na nakala, na nakala yako igongwe mhuri na kuandikwa tarehe. Usichelewe, kwa maana mikataba ya bima huweka muda wa kutoa taarifa. Ukijibiwa kwamba bima haikulipa, taka sababu kwa maandishi, na kifungu kinachotajwa ukisome. Kama familia imeshalipa deni ambalo bima ilipaswa kulilipa, fedha hiyo ni ya kudaiwa irudi.

Mkishindwana, mnapo pa kwenda. Kwa upande wa bima kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa mwenendo wa benki, malalamiko yaanzie benki yenyewe, yakikwama yapelekwe Benki Kuu. Wa SACCOS waende kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na muwe macho na vishoka. Uingereza walijitokeza watu wa kukusaidia kudai, wakijikatia sehemu kubwa ya fedha ya mteja, mpaka sheria ya mwaka 2018 ikawawekea ukomo wa asilimia 20 bila kodi. Barua ya kuomba hati yako unaweza kuiandika mwenyewe, au ukaandikiwa na mwalimu wa jirani, mtendaji, hata mjukuu wako aliyeko sekondari.

Viongozi wa AMCOS na SACCOS kule Magoma na huku Lushoto, ninawaomba jambo moja. Mkutano mkuu unaokuja, ajenda ya mikopo ikifika, isomeni hati ya bima kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama. Wanachama waulize mpaka waelewe.

Na ninyi wa benki mnaonisikia, hili la marehemu liko mikononi mwenu zaidi ya mtu mwingine yeyote. Bima hiyo inapolipa, inawalipa ninyi. Hati mnazo, majina mnayo, na mshahara wa mtumishi ukikoma kwa sababu amefariki, mnafahamu. Fungueni mafaili ya wakopaji waliofariki mkiwa bado mnazidai familia zao. Penye bima, pelekeni dai wenyewe, na muwaandikie warithi barua kuwajulisha, kabla dalali hajatumwa kubandika tangazo la mnada kwenye ukuta wa nyumba yao.