Binti Akiolewa, Kura Yake Inabaki Wapi?

Vijana wa Tezo, na wewe unayesoma haya ukiwa mbali, leo sina mgombea wa kumpigia debe. Naongea juu ya daftari la wapiga kura.

Juni 2022 IEBC ilitangaza daftari lenye watu 22,120,458. Vijana walikuwa karibu asilimia 40. Lakini angalia hapa: ukilinganisha na 2017, vijana wa kiume waliojiandikisha walipungua kwa asilimia 2.89, na wa kike kwa asilimia 7.75. Mabinti wamepungua zaidi ya mara mbili ya ndugu zao!

Utaniambia, si Kilifi hii iliyomtoa Aisha Jumwa, mwakilishi wa wanawake 2013, kisha mbunge wa Malindi 2017? Ni kweli. Lakini mama mmoja bungeni hajazi daftari.

Wengine husema mabinti hawajali siasa. Hapo nakataa. Juni 2024, kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, wasichana walikuwa mstari wa mbele, sote tuliwaona. Shida ni nyengine, tena ya hapa hapa nyumbani. Kijana wa kiume akipata kitambulisho, wenzake wa stejini wanambeba kwa boda akajiandikishe, na mara nyingi mwanasiasa ndiye alipaye mafuta. Binti je? Anajiandikisha Tezo, mwaka ujao anaolewa Ganze au Takaungu. Jina lake linabaki huku. Siku ya kura ana mtoto mgongoni, nauli hana, na mume hajui hata kama mkewe ana kura. (Wanaume msicheke. Mimi mwenyewe nilikaa na mke wangu miaka mitatu bila kumuuliza.)

Na zahanati, maji, shule za chekechea, yote hayo yako chini ya kaunti. Nani anapanga foleni ya maji hapa? Nani anampeleka mtoto kliniki? Lakini MCA anayepitisha bajeti anahesabu kura za stejini, maana ndizo anazoziona.

Sasa, kuhamisha kura hakuna malipo. Anakwenda mwenyewe na kitambulisho, ofisi ya IEBC ya eneo bunge anakoishi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na uhamisho hufungwa mapema. Ukifika nyumbani leo, muulize mkeo, dadako, shemeji yako: jina lako liko kituo gani? Akikwambia liko kwao, mpe nauli, wewe baki na mtoto, aende.