Hesabuni Kuta Kabla ya Kununua Waifai

(Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi katika semina ya kutunza mali ya kikundi)



Tumeombwa tuseme juu ya kuchagua vyombo vya waifai, yaani mtandao usiotumia waya, nyumbani na ofisini. Wacha tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Ofisi yetu ilitoa shilingi 14,000 kununua ruta yenye antena sita. Mwenye duka alitusifia kasi iliyoandikwa kwenye kasha, nasi tukafurahi. Tulipofika, kwa kuogopa wezi, tukaifungia ndani ya kabati la chuma! Kumbe chuma huzuia mawimbi. Chumba cha pili, chenye ukuta wa mawe, hakikupata kitu. Pesa zilikuwa za watu, na maswali tuliulizwa.

Basi tulijifunza nini?

Kwanza, ulizeni kazi kabla ya bei. Ni watu wangapi watatumia? Wanatuma ripoti tu, ama wana mikutano ya video? Mkilipia laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hata ruta ya megabiti 1,000 haitawaletea zaidi ya hizo 10 kutoka nje. Bomba likiwa jembamba, tangi kubwa haliongezi maji.

Pili, tembeeni ndani ya nyumba mkihesabu kuta. Ruta nyingi za siku hizi zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini hayana mbio sana, tena yanagongana na ya jirani. Yale ya gigahezi 5 yana mbio, lakini ukuta wa mawe huyachosha upesi. Nyumba ndogo, ruta moja katikati, mahali pa juu, inatosha. Ofisi ya vyumba vingi, afadhali mvute kebo mpaka chumba cha mbali na kuweka kituo kingine cha waifai hapo. Kebo ya kawaida ya mtandao hufanya kazi mpaka mita 100. Vile vifaa vidogo vya kurudia mawimbi ni rahisi, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa vinapokea na kutuma kwa njia moja.

Tatu, stima. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, na kuna betri ndogo za kuziendesha stima ikipotea. Lakini someni kwanza volti zilizoandikwa kwenye ruta yenu. Zikipita kiasi, mtaiunguza.

Nne, na hili ndilo kubwa: siri za watu. Ofisini mwetu mna majina ya wajane, yatima na wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatutaka tuyalinde. Nunueni ruta yenye ulinzi wa WPA2, ama bora zaidi WPA3, iliyotoka mwaka 2018. Ile ya zamani iitwayo WEP, ikataeni. Badilisheni maneno ya siri siku ile ile. Sisi tuliacha yale ya kwenye kibandiko kwa miezi minane, na vijana wa nje waliyajua kuliko mhasibu wetu! Chagueni pia ruta inayotoa mtandao wa wageni kando na ule wa ofisi.

Ile ruta yetu hatukuitupa. Tuliitoa kabatini, tukaikaza kwa skrubu ukutani karibu na dari, tukavuta kebo mpaka chumba cha pili. Sasa kila mtu anafanya kazi. Shida haikuwa ruta, ilikuwa sisi.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda dukani, chukueni karatasi. Choreni vyumba, andikeni watumiaji na kazi zao, halafu kikundi kikubaliane. Mkirudi na risiti na garantii, viwekwe kwenye faili. Mali bila daftari hupotea bila habari.