Puto la Saa Tisa

Kabla mtangazaji hajasema leo kutanyesha, kuna mtu amekwisha kusoma vipimo.

Jijini Nairobi mtu huyo yuko Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kazi yake ina historia ndefu. Mwaka 1929 Waingereza walianzisha huduma moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, chini ya Albert Walter, aliyekuwa amefanya kazi hiyo Mauritius. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na idara yake. Hata hivyo, Nairobi ingali kitovu cha kanda cha kupitishia takwimu za hali ya hewa kwenda ulimwenguni.

Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi. Hiyo ni kazi ya ardhini. Ya angani ni ngumu zaidi.

Puto lililojazwa gesi nyepesi hupaa na kifaa kidogo chenye redio, kikituma habari za joto, unyevu na upepo. Kadiri linavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua nalo hufura, hadi linapasuka, mara nyingi likiwa kilomita 30 hivi juu. Saa za vipimo ni zilezile duniani kote. Kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri na saa tisa usiku, wengi wakiwa wamelala. Tangu 1996, kwa ushirikiano na Uswisi, puto moja kwa wiki hubeba pia kipima ozoni, na rekodi ndefu namna hiyo karibu na ikweta ni chache mno.

Mwaka 1999 kikaongezwa kituo cha Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuchunguza hewa iliyo mbali na moshi wa miji. Huko adui ni umeme: ukikatika, vipimo navyo hukatika.

Na pengo hilo halizibiki. Hewa ya leo haipimwi kesho. Kila puto hutumika mara moja tu, na kila moja linagharimu pesa, kwa hiyo bajeti ikibana huonekana rahisi kulikata. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoua watu Nairobi kwenyewe, uamuzi kama huo hauna utetezi. Waheshimiwa wabunge, fungu la maputo lisiguswe.