Historia ya Chama cha Maseremala cha Uingereza
(Matini ya mazungumzo kwa mafundi na vyama vya wafanyakazi)

Seremala huishi kwa vitu viwili: mkono wake na sanduku lake la zana. Sanduku hilo likiungua au likiibiwa, riziki ya nyumba nzima hukatika siku hiyo hiyo. Chama cha Maseremala kilichoasisiwa London mwaka 1860 kilijengwa juu ya ukweli huo.

Mwaka 1859 mafundi wa ujenzi wa mji huo waliomba siku ya kazi ipunguzwe kutoka saa 10 hadi saa 9. Waajiri wakafunga kazi, wakashurutisha kwamba fundi hatorejeshwa ila atie saini ya kukana chama. Zaidi ya mafundi 20,000 walikaa bila ya kazi. Mapema mwaka 1860 sharti hilo liliondolewa, lakini saa 9 hazikupatikana. Vyama vidogo vidogo vya maseremala havikuwa na akiba ya kutosha. Chama cha mafundi mitambo ndicho kilichowaauni wagomaji kwa pauni 1,000, mara tatu. Ikadhihirika kwamba umoja usio na akiba hauna ustahamilivu.

Ndipo maseremala walipoungana. Robert Applegarth, seremala mzaliwa wa Hull, alishika ukatibu mkuu mwaka 1862. Kila mwanachama alichangia shilingi 1 kwa wiki. Kwa mchango huo alilipwa fidia ya zana zilizopotea, posho wakati wa maradhi na ukosefu wa kazi, na gharama za mazishi. Hesabu zilichapishwa kila mwaka. Tawi halikuruhusiwa kugoma bila ya idhini ya kamati kuu, na wako walioiita tahadhari hiyo woga. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1870 wanachama walipindukia 10,000.

Mwaka 1867 hatari ilitokea mahakamani. Mweka hazina wa tawi moja la chama kingine alizuia fedha za wenzake, na mahakama ikaamua kwamba sheria ya vyama vya kusaidiana haivilindi vyama vya wafanyakazi. Kwa uamuzi huo, shilingi za maseremala nazo zilikuwa hazina mlinzi. Applegarth alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Kifalme, akionesha vitabu vya hesabu. Sheria ya mwaka 1871 ikavitambua vyama na kuilinda mifuko yao.

Mwaka 1918 maseremala waliungana na watengenezaji samani. Mwaka 1971 wakaingia katika chama cha wafanyakazi wa ujenzi, nacho mwaka 2017 kikajiunga na chama cha Unite.

Ndugu wasikilizaji, haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba nacho huhitaji mlinzi, na mlinzi wake wa kwanza ni daftari la hesabu lililo wazi mbele ya kila mwanachama.