Pete za Miti na Historia ya Mvua

Mti unaoota penye msimu mmoja wa kukua kwa mwaka huongeza tabaka moja la ubao chini ya gome lake. Mpaka kati ya tabaka la mwaka mmoja na la mwaka unaofuata ndio unaoonekana kama pete kwenye kisiki. Katika nchi kavu, upana wa pete hufuata maji: mwaka wa mvua nyingi huacha pete pana, mwaka wa ukame huacha pete nyembamba, na ukame ukizidi, sehemu ya shina yaweza isipate pete kabisa.

Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi. Kanuni inayotegemewa hadi leo iliwekwa na A. E. Douglass, mwanaastronomia wa Arizona, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Shabaha yake ya awali ilikuwa mizunguko ya madoa ya jua. Historia ya mvua ilikuja kama mavuno ya pembeni, yakawa makubwa kuliko shamba lenyewe. Mfuatano wa pete pana na nyembamba wa mti mmoja hulinganishwa na wa miti mingine ya eneo lilelile mpaka kila pete ipate mwaka wake. Pete iliyokosekana kwenye mti mmoja hufichuliwa na majirani zake. Boriti za nyumba za kale, zikioanishwa na miti iliyo hai, huurudisha mfuatano nyuma zaidi ya umri wa mti wowote uliosimama.

Mti hauhitaji kukatwa. Keekee yenye uwazi ndani hutoa kijiti chembamba kutoka gomeni hadi kwenye kiini. Pete zikishapimwa, huondolewa athari ya umri, kwa kuwa mti mzee hutoa pete nyembamba hata mvua ikiwa nzuri. Kisha vipimo hivyo hulinganishwa na rekodi za vituo vya mvua: sehemu ya rekodi hutumika kutafuta uhusiano, na sehemu nyingine huwekwa kando ili kuujaribu. Hatua hii ya pili ndiyo inayotenganisha sayansi na ubashiri.

Thamani ya kazi hii ilionekana wazi kwenye mto Colorado, Marekani. Mwaka 1922 majimbo yanayoutegemea yaligawana maji yake, takriban mita za ujazo bilioni 18.5 kwa mwaka, kwa kutegemea vipimo vya miongo michache. Mwaka 1976 watafiti Charles Stockton na Gordon Jacoby walitumia pete za miti ya bonde hilo kukadiria mtiririko wa karne kadhaa, wakapata wastani wa karibu bilioni 16.6 tu. Miongo iliyotumiwa kugawana maji ilikuwa miongoni mwa ile yenye maji mengi kupita kiasi. Waliopima hawakukosea, rekodi yao ndiyo iliyokuwa fupi.

Afrika Mashariki huleta ugumu wa aina nyingine. Penye vuli na masika, mti waweza kutoa pete mbili kwa mwaka, na vuli ikikosekana, moja. Hali ni nafuu katika misitu ya miombo, ambako mvua huja kwa msimu mmoja na kiangazi ni kirefu. Mninga, unaojulikana zaidi Tanzania kwa samani, hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuacha mpaka unaosomeka. Magogo ya mninga kutoka misitu ya Zimbabwe yalitoa makadirio ya mvua za Novemba hadi Februari kuanzia 1796 hadi 1996. Yanaeleza chini kidogo ya nusu ya mabadiliko ya mvua iliyopimwa, kiasi cha heshima kwa mti wa tropiki, na yanaonyesha ukame wa 1882 hadi 1896 unaolingana na ule mkali wa 1989 hadi 1995. Hata hivyo, mninga hauelezi umri wake wote: kwa miaka kadhaa mche wake hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mizizini, na miaka hiyo haimo kwenye shina.

Mbuyu ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa pete zake hazitabiriki na shina lake mara nyingi lina uwazi. Hapo upana huachwa, na kemia huchukua nafasi yake. Maji yakipungua, majani hufunga vitundu vyake vya kupumulia, na kiwango cha kaboni-13 katika ubao huongezeka. Umri wa kila sehemu hupatikana kwa kaboni-14. Kwa njia hiyo mibuyu ya Pafuri, kaskazini mwa Afrika Kusini, imetoa historia ya mvua ya takriban miaka 1,000, ingawa haiwezi kutaja mwaka mmojammoja kama mninga unavyofanya.